Karatasi Yako Iko Wapi?

Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar aliikodisha pwani yake ya bara kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Agosti mawakala wa kampuni wakaingia mijini, Bagamoyo ukiwa mmojawapo, na hapo vitabu vyetu vya shule hupenda kusimulia ugomvi wa bendera: ipi ipepee, ipi ishushwe, nani mwenye mji. Kisa kitamu, sikatai. Ila kwenye masharti waliyokuja nayo kulikuwa na jambo lisilosisimua kama bendera: wenye mashamba na majumba wayaandikishe kwa kampuni, na waonyeshe uthibitisho kwamba ni mali yao.

Hebu mfikirie mtu wa Kaole wa wakati ule. Minazi kaipanda babu yake. Mpaka ni mwembe, na ng'ambo ya mwembe ni kwa jirani. Akitokea mtu kubisha, wataitwa wazee, watakaa kwenye baraza, watasema waliyoyaona. Huo ndio uthibitisho alionao. Sasa mgeni aliyeshuka juzi kutoka melini anataka wa aina nyingine, tena anayeamua kama unatosha ni mgeni huyohuyo.

Septemba watu wa Abushiri bin Salim walikuwa wakiishambulia Bagamoyo, na kaskazini yake Bwana Heri wa Saadani naye alishika silaha. Sababu za vita vile zilikuwa nyingi: ushuru, biashara ya misafara, madaraka ya maliwali na majumbe, dharau ya wageni. Wanahistoria wanabishana kuhusu uzito wa kila moja, nami sina haja ya kuzifanya moja. Ila daftari la kampuni naliweka kwenye orodha, tena si mwishoni. Desemba 1889 Abushiri alinyongwa Pangani. Daftari likabaki.

Naanzia mbali hivi kwa sababu siku hizi ukitaja haki za kikatiba, watu huwaza uchaguzi, maandamano, magazeti yaliyofungiwa. Hizo ni haki, na zina wenyewe wa kuzisemea. Lakini kwa mtu wa Zinga, Mlingotini au Saadani, siku Katiba inapopita mlangoni kwake mara nyingi huja na mthamini, fomu mkononi, anahesabu miti. Ibara inayohusika ni ya 24, inayosema kwamba kila mtu ana haki ya kumiliki mali na mali hiyo kuhifadhiwa kwa mujibu wa sheria, na kwamba haruhusiwi mtu kunyang'anywa mali yake bila sheria inayoweka fidia inayostahili. Maneno machache, ya Kiswahili, hayahitaji wakili. Shida inaanza kwenye neno "mali". Shamba lisilo na karatasi ni mali?

Wajerumani walilijibu mapema. Kampuni iliposhindwa kutawala, dola lenyewe likachukua usukani, na Novemba 1895 ikatoka amri ya Kaisari: ardhi yote ya koloni ni ya dola, isipokuwa pale mtu binafsi, chifu au jumuiya ya wenyeji itakapothibitisha haki yake. Setla alikuwa na hati. Mwenyeji alikuwa na mwembe wake wa mpakani. Waingereza walipokuja walibadilisha lugha na kupunguza ukali. Sheria ya Ardhi ya 1923 iliita ardhi yote kuwa ya umma, chini ya gavana, kwa manufaa ya wenyeji. Wenyeji wenyewe hawakuulizwa manufaa yao ni yapi. Mwaka 1928 ikaongezwa tafsiri: anayetumia ardhi kwa mila na desturi naye atahesabiwa kuwa na haki ya kuikalia. "Atahesabiwa." Neno hili dogo lilikaa miaka zaidi ya 60 likisubiri mtu wa kuuliza linamaanisha nini hasa: huyu mtu anayo haki, au anachukuliwa tu kama anayo mpaka serikali itakapoihitaji ardhi?

Pwani hii karatasi iliwahi kuamua hata mtu ni wa nani. Wajerumani hawakufuta utumwa. Kwa kanuni za 1901 mtumwa aliruhusiwa kujikomboa kwa kulipa kiasi kilichopangwa na ofisi ya serikali, akapewa hati ya uhuru, na baadaye ikaamuliwa kwamba watakaozaliwa kuanzia mwaka 1906 watazaliwa huru. Utumwa wenyewe ulifutwa na sheria ya Waingereza ya 1922. Yaani kwa miaka 20 na ushei mtu aliyesimama mbele yako Bagamoyo angeweza kuwa huru au asiwe huru kutegemea alichokunja kwenye kikapu chake.

Na karatasi peke yake nayo haikutosha. Wapenzi wa fasihi watamkumbuka Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, upande huuhuu wa Bagamoyo, aliyeandika sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1903. Mtoro alikuwa Berlin, akifundisha Kiswahili. Mwaka 1904 akamwoa Bertha Hilske, Mjerumani, ndoa halali ya serikali. Mwaka uliofuata wakapanda meli kurudi nyumbani. Dar es Salaam wakakataliwa kushuka kama mume na mke. Utawala wa koloni haukutaka kumwona mwanamke wa Kizungu akiishi Bagamoyo kwa mume Mwafrika. Wakarudi Ujerumani, na Mtoro akafia Berlin mwaka 1927. Alikuwa na cheti cha ndoa na tiketi, na kitabu chenye jina lake. Mtu aliyewaeleza Wazungu pwani yetu kuliko karibu mtu mwingine yeyote wa kizazi chake hakuwa na mahali pa kwenda kusema, nisikilizeni kwanza. Leo Ibara ya 17 inalinda uhuru wa raia kwenda atakako na kuingia nchini, na Ibara ya 13 inampa haki ya kusikilizwa. Kila nikizisoma namkumbuka Mtoro kwenye sitaha, nchi kavu ikionekana pale mbele.

Uhuru ulipokuja, haki hizi hazikuja nao. Jambo hili huwashangaza wengi, hata wenye digrii. Katiba ya uhuru ya 1961 haikuwa na sura ya haki za raia zinazoweza kudaiwa mahakamani, wala ile ya Jamhuri ya 1962. Serikali ya TANU ilieleza sababu zake bila kificho: taifa ni changa, lina haraka ya kujenga, na majaji, wengi wao wageni wakati ule, wangeweza kuitumia sura hiyo kuzuia mipango ya wananchi. Tume ya mfumo wa chama kimoja nayo ililikataa wazo hilo mwaka 1965. Hoja ya majaji wageni siidharau, ilikuwa na mantiki yake. Ila ndani ya mwaka mmoja baada ya uhuru kulikuwa na Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, 1962, na aliyewekwa ndani alikuwa mwenyeji.

Ilichukua hadi Mabadiliko ya Tano ya Katiba, mwaka 1984, baada ya mjadala mkubwa wa nchi nzima na joto la kisiasa kutoka Zanzibar, ndipo Ibara za 12 hadi 29 zikaingia. Hata hapo serikali ilijipa miaka 3 ya kusafisha sheria zake kabla mtu hajaruhusiwa kuishitaki. Mlango ulifunguliwa Machi 1988. Mtanzania aliyezaliwa siku ya Uhuru alikuwa ametimiza miaka 26 kabla ya kuweza kwenda mahakamani kusema, ibara yangu imevunjwa.

Aliyelijibu swali la shamba lisilo na karatasi hakuwa mtu wa pwani. Ili kuielewa Bagamoyo ya leo, inabidi twende Kambi ya Simba, Mbulumbulu, mkoani Arusha. Mwaka 1943 Lohay Akonaay alifyeka pori pale akapata shamba kwa mila za kwao. Ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, ambayo pwani nayo iliionja: watu wakahamishwa na mashamba kugawiwa upya. Wakati vumbi linatulia wenye mashamba ya zamani walianza kwenda mahakamani kudai, na mwaka 1987 Akonaay na mwanawe Joseph wakashinda, wakarudishiwa ardhi yao. Kesi kama hizo zilikuwa nyingi na serikali ikaona kila kijiji kitavurugika. Mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria iliyofuta haki za kimila kwenye vijiji vilivyoanzishwa na operesheni, bila fidia, ikazima kesi zilizokuwa mahakamani na kuzuia hukumu zilizokwisha kutolewa zisitekelezwe. Mtu kashinda kesi, halafu anaambiwa ushindi wake umefutwa na kura za Bungeni.

Baba na mwana wakaipeleka sheria hiyo Mahakama Kuu Arusha, wakashinda. Mwanasheria Mkuu wa Serikali akakata rufaa. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiandika, ikatoa hukumu ambayo mimi naiweka miongoni mwa maandishi muhimu zaidi yaliyowahi kuandikwa Tanzania, riwaya zikiwemo.

Upande wa serikali ulidai kwamba ardhi ni ya umma, hivyo mkulima wa kimila hana mali ya kulindwa na Ibara ya 24. Nyalali akaigeuza hoja. Ardhi kuwa ya umma chini ya Rais, alisema, kunamfanya Rais awe kama mdhamini anayeishika kwa niaba ya wenyewe. Hakumfanyi kuwa mwenye mali. Na kama haki ya kimila si mali, basi Watanzania walio wengi mno ni wavamizi tu katika nchi yao wenyewe. Haiwezekani Katiba ikawa imekusudia hivyo. Haki ya kimila ni mali. Haiondolewi bila fidia ya haki.

Halafu kuna sehemu ninayoipenda zaidi, inayohusu fidia ya nini. Kwa sheria za zamani serikali ikichukua ardhi ililipa maendelezo tu: nyumba, miti, kisima. Ardhi tupu thamani yake ilikuwa sifuri. Nyalali alirudi kwenye andiko la Mwalimu Nyerere la 1958, Mali ya Taifa, na hoja yake kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu kwa wote, lakini anayetia nguvu na akili yake kuisafisha amekiongezea kitu kile kilichokuwa pori, na alichokiongeza ni chake. Kwa hiyo, ikasema Mahakama, hata pasipo na jengo wala mti wa kuhesabiwa, jasho lililomwagwa kwenye ardhi linastahili fidia. Serikali ya chama alichokiasisi Mwalimu ikashindwa mahakamani kwa hoja ya Mwalimu. Sijui kama kuna aliyecheka siku ile, ila mimi huwa nacheka.

Kwa Nyalali wazo hili halikuwa geni. Mwaka 1983, kabla ya sura ya haki kuingia kwenye Katiba, alikuwa ameamua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mtalaka wake. Nyumba ilikuwa kwa jina la mume. Bi Hawa hakuwa na risiti ya tofali hata moja. Alikuwa na miaka ya kupika, kufua na kutunza nyumba. Mahakama ya Rufani ikasema kazi hizo ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgao, kwa sababu Mahakama iliona alikwishapewa fedha na mumewe za kuanzisha biashara akazitapanya. Lakini wanawake wengi waliokuja nyuma yake walipata. Akina mama wa pwani wanaoambiwa "nyumba ina jina la mzee, wewe una nini?" wana jibu la Mahakama ya Rufani la zaidi ya miaka 40.

Turudi Bagamoyo. Baada ya kesi ya Akonaay, na baada ya tume ya Profesa Issa Shivji iliyozunguka nchi kusikiliza migogoro ya ardhi mwanzoni mwa miaka ya 1990, zikaja Sheria za Ardhi namba 4 na 5 za 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001. Ile ya vijiji inasema haki ya kimila ina hadhi sawa na hati ya mjini. Ardhi yenyewe ina thamani ya kulipwa. Juu yake kuna posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, na faida iliyopotea. Na fidia ikichelewa kupita miezi 6 inazaa riba. Mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ni mwanamke ni batili. Yote hayo yapo kwenye sheria.

Machi 2013, wakati wa ziara ya Rais Xi Jinping, mkataba wa awali wa bandari ya Bagamoyo ulitiwa saini. Mbegani ndipo pangechimbwa, na eneo la viwanda lingemeza vijiji jirani. Mradi wa dola bilioni 10, tukaambiwa. Oman nayo ikaingia. Oktoba 2015 Rais Kikwete, mwenyeji wa wilaya hii, akaweka jiwe la msingi siku chache kabla ya kuondoka madarakani. Wathamini wakapita, minazi na mikorosho ikahesabiwa, wapo waliolipwa na wapo waliolalamika kwamba walichopata hakinunui shamba jingine popote karibu na bahari. Mwaka 2019 Rais Magufuli akasema hadharani kwamba masharti ya mkataba ule angeyakubali kichaa tu, na mambo yakasimama. Mwaka 2021 Rais Samia akatangaza kuyafufua mazungumzo. Sisi waandishi wa habari tulihesabu meli, gati na mabilioni, tukabishana kuhusu Wachina. Wachache walihesabu minazi.

Na kuhesabiwa si jambo jepesi. Mtu akishathaminiwa huambiwa asipande tena mazao ya kudumu wala asijenge, kwa kuwa hayatalipwa. Mnazi huchukua miaka kadhaa hadi kuzaa. Ukimzuia mtu kupanda kwa miaka 5 huku hujamlipa, umeshachukua kitu. Ukisoma Akonaay kwa makini, nadhani na hili lina jina kwenye Ibara ya 24, ingawa sijaona mwanakijiji wa pwani hii akilipeleka mbele ya jaji kwa maneno hayo.

Kaskazini zaidi kuna Saadani ya Bwana Heri, ambayo tangu 2005 ni Hifadhi ya Taifa. Wakazi wa Uvinje, kitongoji cha kijiji cha Saadani, wana mgogoro wa miaka mingi na hifadhi kuhusu mpaka. Wao wanasema walikuwepo na mipaka ilikubaliwa hivyo tangu enzi ya pori la akiba. Ramani inasema wako ndani. Hapo swali la 1888 limerudi, safari hii likiwa na rangi ya kijani. Napenda wanyama kama mtu yeyote, ila ramani nayo ni karatasi tu, nayo iliandikwa na mtu.

Kinachonisumbua ni umbali kati ya hukumu na mlango wa mtu. Hukumu ya Akonaay iliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo Lohay Akonaay hakuhitaji hata siku moja kufyeka lile pori. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama sasa, na hilo ni jambo kubwa kuliko lilivyoandikwa magazetini. Lakini mwaka mmoja kabla yake, 2020, sheria ya kudai haki za msingi nayo ilibadilishwa: anayekwenda Mahakama Kuu aonyeshe kwa hati ya kiapo kwamba yeye mwenyewe ameathirika, na awe amemaliza kwanza njia nyingine zote za kisheria. Kwa hiyo, kwa mabadiliko yale, wanaharakati wa Dar hawakuweza tena kumsemea mtu wa Mlingotini kirahisi. Ilibidi aende mwenyewe, akiwa ameshapita baraza la kijiji, la kata, la wilaya. Nauli yake, siku zake.

Ndiyo maana mambo madogo ya kijijini yana uzito. Mkutano mkuu wa kijiji ukiitwa kugawa ardhi, nenda, na hakikisha kilichoandikwa kwenye muhtasari ndicho kilichosemwa. Fomu ya uthamini usiisaini kabla mistari haijajazwa, na uombe nakala. Shamba likiwa la mke na mume, majina yawe mawili. Na asiye na hati ya kimila asikubali kuitwa mvamizi: kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, aliyeikalia na kuitumia ardhi ya kijiji kwa amani, waziwazi, bila kukatizwa kwa miaka 12, anaweza kuthibitishwa kuwa mwenye haki. Kamati ya kijiji inayohakiki huenda shambani kwenyewe. Majirani wanaitwa, wazee wanasikilizwa, mipaka inatembelewa kwa miguu. Kama mpaka ni mwembe, unaandikwa mwembe.